Abiria Waliobaki

Sauti ya kwanza kurudi ilikuwa ya Bonge. Alisimama katikati ya ukumbi ule wa mwisho wa magofu, ambao ndio pekee uliobakiwa na paa lake la mawe, akapanua kifua akapiga "Oyaa!" Kuta zikamrudishia oyaa zake tatu mpaka mwenyewe akacheka. Nesi akafuata kwa aibu kidogo: "Hujambo!" Kuta zikamjibu kwa adabu. Kisha ikaja zamu ya Spika, na ya Spika haikurudi.

Walikuwa marafiki watatu wa tangu darasa la kwanza, na kwa miaka kumi walikuwa wakiahidiana kwenda kuyaona magofu yale, mwendo wa saa mbili tu kutoka mjini kwao. Kila mwaka ulikuja na udhuru wake. Bonge alikuwa dereva wa teksi, na teksi, kama alivyopenda kusema, ni mtoto mchanga: ukiiacha dakika moja inalia. Nesi alikuwa wodi ya wazazi, zamu juu ya zamu. Spika alikuwa mtangazaji wa stendi kuu ya mabasi. Mwaka wa kumi na moja huo alikuwa akikaa katika kibanda cha vioo, kipaza sauti mdomoni, akiwaita watu kwenye safari zao. Waliomjua kwa sura walikuwa wachache. Waliomjua kwa sauti walikuwa mji mzima.

Jumamosi ile Nesi akapata mapumziko, Bonge akawapakia palepale stendi Spika alipotoka zamu ya alfajiri, wakaondoka.

Mlinzi wa lango la magofu aliwapokea vizuri, akawaonyesha njia, kisha akasema, "Humo ndani msiitane. Ukimtaka mwenzako, mfuate alipo, umguse bega."

"Na tukipigiana simu?" akauliza Bonge.

Mlinzi hakucheka. "Simu haina neno. Neno liko mdomoni."

Walizunguka asubuhi nzima. Nyumba za mawe zisizo na milango, kisima kikavu kilichojaa majani, makaburi yaliyoinama kama wazee wanaosikiliza. Nesi alivua viatu akatembea peku kama mtoto, akipapasa vidaka vilivyokuwa vikiwekwa taa zamani. Hawakuitana hata mara moja. Lakini walipoingia ukumbini na Bonge akagundua kwamba kuta zinajibu, akasema hapo hakuna aliyemwita mtu, ni kelele tu, na kelele hazina jina.

"Sasa wewe, Spika, tupe ile ya stendi," alisema. "Ile yenyewe kabisa."

Spika akakohoa, akaweka ngumi mdomoni mithili ya kipaza sauti. Akaitoa sauti yake ya kazi, ile nzito, tulivu, yenye asali chini.

"Abiria wote mliobaki. Abiria wote mliobaki. Gari lenu linaondoka sasa hivi. Chukueni mizigo yenu, mpande. Viti vipo."

Kimya. Hata mwishoni mwa neno, pale ambapo sauti ya mtu yeyote huacha mkia kidogo ndani ya nyumba tupu, hapakuwa na mkia. Ni kama alikuwa amezungumzia ndani ya godoro.

"Imekuwaje?" Nesi alinong'ona.

"Betri zimekwisha," alisema Bonge, lakini hakucheka mzaha wake, na hiyo si kawaida yake. Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ilipita kati yao, ikaelekea mlangoni. Kisha popo waliokuwa wananing'inia darini wakaruka wote kwa pamoja wakatoka nje, kwenye jua la adhuhuri, mahali ambapo popo hana shughuli.

Wakaondoka bila kuambiana kwamba wanaondoka.

Garini, Spika alikaa mbele, Nesi nyuma peke yake. Tuta la kwanza la barabarani likakwaruza tumbo la gari. La pili likakwaruza zaidi. Bonge akapunguza mwendo, akalalamika kwamba huenda amenenepa tena tangu asubuhi. Kwenye mlima mdogo injini ilihema kama punda, na mwishowe akasimama kwa fundi wa magurudumu kando ya barabara.

Fundi alizunguka gari, akachuchumaa, akagonga gurudumu la nyuma kwa kidole. "Mmebeba saruji?"

"Saruji gani? Fungua buti uone."

Fundi akafungua. Mlikuwa na gurudumu la akiba na chupa ya chai. Akafunga polepole, akajaza upepo.

Spika aligeuka kumtazama Nesi. Alikuwa amejibana mlangoni, bega kwenye kioo, mkoba mapajani, miguu ameikunja kama mtu aliyekalia kona ya kiti kilichojaa.

"Shoga, mbona umejikunyata hivyo? Kiti chote si chako?"

"Sijui," alisema Nesi. "Najiona nimebanwa."

Jioni haijaingia bado, wakamshusha mlangoni kwake. Na hapa ndipo pana jambo ambalo Spika hakulisema kwa mtu yeyote kwa siku tatu. Nesi alipoweka mguu chini, gari liliinuka. Si kidogo, kama linavyoinuka mwanamke mwembamba anaposhuka. Liliinuka taratibu, kwa awamu, springi zikilia moja baada ya nyingine, kama mtu anayetuliwa mizigo kichwani. Nesi akawapungia mkono, akaingia ndani, na mlango wake ukakaa wazi muda mrefu kuliko anaohitaji mtu mmoja kuingia.

"Umeona?" Bonge aliuliza bila kumtazama.

"Sijaona kitu," alisema Spika.

Jumatatu mchana, simu yake iliita kibandani.

"Spika." Ilikuwa sauti ya Nesi, ya chinichini, kama ya mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja ili walio jirani wasisikie. "Wananiuliza tutafika saa ngapi."

"Kina nani?"

"Wamechoka kukaa." Pumzi ikakatika, ikarudi. "Na mimi nimechoka kukaliwa."

Simu ikakatika. Spika alibaki ameishika sikioni, huku kwenye kioo watu wakimwonyesha saa zao kwamba basi la saa saba halijatangazwa.

Jumanne walikwenda yeye na Bonge. Mlango ulifunguliwa na mdogo wake Nesi, msichana wa chuo, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. "Dada hajalala tangu Jumamosi. Hali kitu. Viti nikivirudisha mezani, nikigeuka navikuta vilevile."

Sebuleni, viti vinne vya meza ya chakula, kigoda cha jikoni na ndoo iliyopinduliwa vilikuwa vimepangwa mistari miwili kuelekea mlangoni, na njia katikati. Nesi alikuwa mbele kabisa, mgongo wima, mkoba ameukumbatia kama msafiri anayeogopa wezi. Miguu yake, mpaka kwenye vifundo, ilikuwa myeupe kwa vumbi la chokaa. Mdogo wake alisema ameiosha mara tatu.

"Nesi," Spika aliita.

Shingo ya Nesi ikageuka, lakini uso uliogeuka nayo haukuwa umeamua bado ni wa nani. Kwanza midomo ikaporomoka, mashavu yakabonyea, akawa na uso wa mzee asiye na meno, na sauti kavu ikauliza, "Ndiye huyu?" kisha uso ukajikunja ukajaa, macho yakawa makali, na sauti ya mwanamke mzima ikajibu kutoka kinywa kilekile, "Ndiye mwenyewe, mimi ile sauti siisahau," na kabla hajamaliza, sauti nyingine ikamkata, na nyingine ikaikata hiyo, zote za kunong'ona, zote za watu waliochoka, wakigombea kinywa kimoja kama watu wanavyogombea bomba moja la maji, huku machozi ya Nesi mwenyewe yakitiririka juu ya nyuso zile zilizokuwa zikipita usoni pake na kumwacha.

Kisha zikatulia. Yule mzee akabaki. "Ulituita," alisema. "Ulisema viti vipo. Tumepata kiti kimoja. Tunapokezana."

Bonge, mwanamume wa kilo mia na ishirini, alirudi kinyumenyume mpaka barazani, akakaa chini, akaweka kichwa kati ya magoti.

Spika alikuwa na shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, muuza mitumba. Mkono wa kutibu aliurithi kwa mama yake, akauweka kando miaka mingi, kwa sababu, alisema, majini hawana saa ya kazi na yeye ana magoti mabovu. Walimkuta amezama kwenye robota la mashati.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Unakuja kwangu ukiwa na shida tu, kama polisi. Sema."

Spika akasema yote, na safari hii hakuficha gari lilivyoinuka. Shangazi aliendelea kukunja mashati mpaka aliposikia habari ya mwangwi. Hapo mikono ikasimama.

"Sauti isiyopata mwenyewe hurudi," alisema. "Yako haikurudi kwa sababu ilipokewa. Na uliyajua haya tangu Jumamosi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa. Na mwenzako je, alikuwa harusini?" Akajiinua kwa kushika meza. "Haya, nipe mkongojo wangu."

Kwa Nesi hakukaa sana. Alifukiza ubani, akazungumza nao kwa upole kama mtu anayezungumza na wageni wa jirani, akahesabu sauti zao, nane, akatoka akijifuta jasho. "Hawana ubaya hao. Ni watu wa watu, walibaki mji ulipohamwa, hakuna aliyewaita mpaka juzi. Lakini huyu binti wanamkalia kwa zamu na kila anayepanda anakuta kiti kimechakaa zaidi. Hamalizi wiki. Mimi siwezi kuwashusha. Aliyepandisha ndiye ashushe, na palepale alipowapandishia."

Jumatano walimbeba Nesi garini, Shangazi upande mmoja na mdogo wake Nesi upande mwingine. Gari lilitambaa njia nzima. Bonge aliendesha akitokwa na jasho, na kila tuta aliliombea. Mlinzi wa lango aliwatazama mara moja tu, akafungua, akageuza uso ukutani mpaka walipopita.

Ukumbini walimkalisha Nesi juu ya kanga, ameegemezwa kwenye bega la mdogo wake. Jua lilikuwa utosini. Mwanga uliingia kwa tundu moja la paa ukasimama katikati kama nguzo, na ndani yake hakuna vumbi lililocheza.

"Sema kama unavyosema kazini," Shangazi alinong'ona. "Usiwaahidi kitu. Wala usiwakaribishe tena."

 Spika alijaribu mara moja, ikatoka hewa. Akamtazama Nesi, aliyekuwa na midomo ya kijivu, akavuta pumzi.

"Abiria wote. Mmefika mwisho wa safari. Shukeni taratibu. Chukueni mizigo yenu, angalieni msisahau kitu."

Mabega ya Nesi yakashuka. Mguu peku, usioonekana, ukakanyaga sakafu ya mawe, pa, pa, pa, ukapita mbele ya Spika ukiburuta kitu kama kikapu, na harufu ya majivu ikapita nao. Shangazi akakunja kidole. Mabega yakashuka tena. Mguu mwingine, mzito zaidi, na kikohozi cha mzee. Kidole cha pili. Wakashuka hivyo, mmoja mmoja, wengine polepole, wengine mbiombio kama watoto, wakipita karibu naye kiasi kwamba nywele za mikono yake zililala upande wa upepo wao, na Spika alisimama hajui kama apumue au aache, maana aliona kwamba akipumua kwa nguvu atamvuta mmoja wao ndani, mpaka kidole cha saba kilipokunjwa na ukumbi ukanyamaza.

"Nesi?" mdogo wake aliita.

Nesi hakufumbua macho. Mkono wake ulikuwa bado umeshika mkoba.

"Wa nane," Shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Wewe wa nane, shuka. Umesikia umeambiwa."

Kinywa cha Nesi kikafunguka. Sauti ilikuwa ya msichana, yenye adabu, ya mtu anayeomba radhi kwa kusumbua.

"Mimi sikupandia hapa, mama."



"Ulipandia wapi?" Shangazi aliuliza.

"Stendi. Huwa nakaa nyuma ya kibanda chake. Kila siku anaita, abiria wote mliobaki, nami nimebaki siku nyingi, lakini kila basi ninalolifuata linafunga mlango. Jumamosi nilimfuata yeye mwenyewe. Huku ndiko niliposikia akisema viti vipo. Hajawahi kusema hivyo kule."

Spika alihisi ubaridi ukianzia kisogoni. Miaka kumi na moja. Ukuta wa nyuma wa kibanda ulikuwa wa bati, na mara nyingi mchana alisikia kitu kikijiegemeza hapo, akadhani ni wapiga debe wanatafuta kivuli.

"Wa hapa si mimi," msichana aliendelea. "Mkiniacha hapa nitapotea."

"Mapigo yanapungua!" mdogo wake Nesi alilia, vidole kwenye kifundo cha mkono wa dada yake. "Shangazi, yanapungua!"

"Shuka, mwanangu," Shangazi alisema. "Shuka, tutakutafutia njia."

"Nitashukia wapi?"

Spika akapiga magoti mbele ya rafiki yake. Shangazi aliona anachotaka kufanya, akanyoosha mkongojo kumzuia. "Funga mdomo! Usimjibu!"

"Kwangu," Spika alisema. "Mwache huyu. Njoo ukae kwangu."

Ilikuwa kama mtu kukukalia mapajani gizani. Uzito, kisha ubaridi, kisha kitu kikajirekebisha ndani ya mbavu zake kama anavyojirekebisha abiria kabla ya safari ndefu. Nesi akavuta pumzi moja kubwa, mkoba ukamtoka mkononi, akafumbua macho akaomba maji.

"Umefanya nini?" Shangazi alimshika uso kwa mikono miwili. "Umefanya nini, binti wa kaka yangu?"

"Nimempakia tu, Shangazi," alisema Spika. "Si ndiyo kazi yangu?"

Nesi alipona. Baada ya wiki mbili alirudi wodini, na siku ya kwanza alipotoka zamu ya asubuhi alipita stendi na sare yake, akaingia kibandani. Walikumbatiana. Nesi akajitoa kidogo, akamtazama rafiki yake machoni, kama mtu anayechungulia nyumba aliyowahi kupanga.

"Yuko vipi?" alinong'ona.

"Mpole. Hali chakula changu, hanifukuzi usingizi. Ila hatulii. Kila mlango wa basi ukifungwa, moyo unanipanda mpaka kooni. Anataka kwenda kwao na jina la kwao limemtoka." Spika alijaribu kutabasamu. "Shangazi anasema anaweza kumtoa. Nimemwuliza, ukimtoa ataenda kwa nani? Akarudi kwenye mashati yake."

"Sasa?"

"Sasa nataja majina. Kila siku nataja miji yote, namsikiliza. Hajatikisika."

Msimamizi wa stendi aliingiza mkono dirishani na karatasi. Basi jipya, njia mpya, linaondoka baada ya robo saa. Spika akavuta kipaza sauti, akasoma. Mji wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kwenye wa nne, kijiji kidogo mwisho wa njia ambacho hajawahi kukitaja maishani mwake, sauti yake ilikatika, na Nesi akayaona magoti ya rafiki yake yakinyooka, polepole, mwili ukisimama peke yake huku uso umebaki na hofu ya mtu anayenyanyuliwa.

"Kaa," Nesi alisema, akimshika mkono.

"Si mimi ninayesimama."

Nesi alimtazama, akatazama basi lile nje, mlango wake wazi. Aliyajua yale magoti. Alikuwa ameyabeba yeye mwenyewe siku tano. Akauchukua mkoba wa Spika kwenye ndoano, akautia begani pamoja na wake.

"Basi tunakwenda," alisema. "Wote."

Kondakta alikuwa kijana mchangamfu. "Karibuni, dada zangu. Viti viwili?"

"Vitatu," alisema Nesi. "Vya mstari mmoja."

Kondakta akatazama nyuma yao, hakuona mtu. Akainua mabega, akawaonyesha. Nesi akakaa upande wa njia, Spika katikati, na cha dirishani wakakiacha. Basi liliunguruma, mlango ukafungwa, likaanza kurudi nyuma kutoka kwenye maegesho. Ndani ya mbavu za Spika kitu kikainuka kwa heshima, kama mtu anayeomba njia, kikatoka. Kifua chake kikawa chepesi, chepesi mno, mpaka akahisi kulia.

Kando yake mto wa kiti ukabonyea, na pazia la dirisha likavutwa pembeni ili mtu atazame nje.

Safari ilikuwa ya saa sita. Nesi na Spika waliikaa yote wameshikana mikono, na hakuna kati yao aliyethubutu kugeuza shingo upande ule.